Aliyepona saratani na hofu ya kila kivimbe

Na Mwandishi Wetu

KUMALIZA matibabu ya saratani si sawa na kumaliza dozi ya malaria. Mgonjwa wa malaria akishapona husahau. Aliyetibiwa saratani hutoka hospitalini na tarehe ya kurudi kliniki baada ya miezi michache, na katika miezi hiyo kikohozi, maumivu ya mgongo au kivimbe kidogo kwapani hutosha kumnyima usingizi.

Madaktari husema kwamba katika kipindi hicho ugonjwa umetulia, yaani dalili zimetoweka na vipimo havioni saratani, ingawa hakuna awezaye kuapa kwamba haikusalia hata seli moja. Daktari wa Marekani, Fitzhugh Mullan, ambaye mwenyewe aliugua saratani akiwa na umri wa miaka 32, aliandika mwaka 1985 katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba kunusurika hupitia misimu mitatu. Msimu wa pili, unaoanza pale matibabu yanapokoma, alieleza kuwa hutawaliwa na hofu ya ugonjwa kurejea.

Hofu hiyo ina msingi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliohusu wanawake 62,923 waliougua saratani ya titi inayochochewa na homoni na kumeza vidonge vya kuzuia homoni kwa miaka mitano, ulionyesha kuwa ugonjwa uliendelea kurejea kwa baadhi yao, kidogo kidogo, hadi mwaka wa 20. Kwa saratani ya titi isiyo na vipokezi vya homoni wala HER2 mambo ni kinyume: hatari ni kubwa miaka ya mwanzo, kisha hushuka sana. Kwa hiyo ile "miaka mitano" inayotajwa mitaani kama mpaka wa kupona si mpaka mmoja kwa wagonjwa wote.

Dalili zinazodanganya

Hata hivyo, mengi yanayoshitua katika kipindi hiki si saratani, bali ni makovu ya tiba yenyewe. Baada ya upasuaji wa titi, mafuta yaliyoharibika penye kovu huweza kuwa donge gumu ambalo kwa kupapasa tu ni vigumu kulitofautisha na uvimbe wa saratani. Mionzi ya kifuani huweza kuleta kikohozi kikavu miezi kadhaa baada ya kukoma. Vidonge vya anastrozole huumiza viungo, na wengi wanaovimeza hudhani ugonjwa umeingia kwenye mifupa. Mwanamume aliyetibiwa saratani ya tezi dume kwa mionzi anaweza kuona kiwango chake cha PSA kikipanda, mara nyingi mwaka mmoja au miwili baadaye, kisha kikashuka chenyewe bila dawa yoyote.

Mwaka 2021 chanjo za UVIKO-19 zilivimbisha tezi za kwapa kwa baadhi ya watu, upande wa mkono uliochomwa sindano. Kwa aliyewahi kuugua titi, hiyo ilikuwa taharuki kubwa. Chama cha wataalamu wa picha za matiti cha Marekani kilishauri wakati huo kwamba, inapowezekana, picha ya uchunguzi ipigwe kabla ya dozi ya kwanza au wiki nne hadi sita baada ya dozi ya pili. Waliowahi kutibiwa titi walishauriwa kuchomwa mkono wa upande mwingine.

Afrika Mashariki ina mdanganyifu wake mwingine, kifua kikuu, ambacho huvimbisha tezi, hukohoza, hukondesha na kumtoa mtu jasho usiku. Picha ya kifua yenye madoa haitoshi kuwa hukumu. Ndiyo maana, pale inapowezekana, kinyama huchukuliwa na kupimwa maabara kabla ya mtu kuambiwa kwamba saratani imerudi.

Lini kusubiri, lini kukimbia

Kanuni inayotumika sana ni ya wiki mbili: dalili mpya, isiyo na sababu inayoeleweka, ikidumu au kuzidi kwa zaidi ya muda huo ipelekwe kwa daktari. Mafua ya siku nne hayahitaji safari ya basi kutoka Songea hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Lakini yapo yasiyongoja. Maumivu ya mgongo yanayoandamana na miguu kuishiwa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo, huweza kumaanisha kuwa uti wa mgongo unabanwa, na kuchelewa kwa siku moja kunaweza kumgharimu mgonjwa uwezo wa kutembea. Kifafa kinachoanza ukubwani, kubanwa pumzi ghafla, au mguu mmoja kuvimba kwa anayetumia tamoxifen, ambayo huongeza hatari ya damu kuganda, ni mambo ya siku hiyo hiyo katika hospitali yoyote iliyo karibu. Damu ukeni kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi nayo ichunguzwe mapema, kwa kuwa tamoxifen huongeza kidogo uwezekano wa saratani ya mji wa mimba.

Vipimo vingi si uhai mrefu

Mwenye hofu na fedha hukimbilia vipimo. Mwaka 1994 zilichapishwa tafiti mbili za Italia zilizohusisha wanawake zaidi ya 2,500 waliotibiwa titi. Baadhi walipigwa picha za kifua na mifupa mara kwa mara, na wengine walichunguzwa kliniki na kupigwa mamografia tu. Urefu wa maisha yao haukutofautiana. Utafiti wa mwaka 2010 kuhusu saratani ya ovari ulionyesha kuwa wanawake walioanzishiwa dawa mapema, kwa sababu tu kipimo cha damu cha CA125 kilipanda, hawakuishi zaidi ya waliongoja dalili. Walichopata ni miezi zaidi ya kuvumilia dawa.

Saratani ya utumbo mpana ni tofauti, kwani ikionekana mapema kwenye ini huweza kukatwa, na hapo kipimo cha damu cha CEA na CT Scan vina kazi. Swali la kumuuliza daktari ni moja: majibu haya yatabadili nini katika tiba?

Usiku wa kabla ya majibu

Nyumbani, maneno yanayoumiza zaidi ni "umeshapona, acha kujitia ugonjwa." Aliyeambiwa hivyo huacha kusema, na siku dalili ya kweli inapokuja huificha.

Utafiti wa Australia wa mwaka 2017, uliohusisha watu 222 waliomaliza matibabu, ulionyesha kuwa vikao vitano na mtaalamu wa saikolojia vilipunguza hofu kuliko mazoezi ya kutuliza mwili. Walifundishwa, pamoja na mengine, kujikagua kwa kiasi badala ya kujipapasa kila saa. Titi linalominywa mara ishirini kwa siku huuma kwa kuminywa.

Pale ambapo mtaalamu huyo hayupo, ndugu anaweza kumsindikiza mgonjwa siku ya kipimo na kuuliza kabla ya kuondoka majibu yatatoka lini na nani atayasoma. Nakala ya majibu ya kinyama, ratiba ya mionzi na orodha ya dawa zikae katika bahasha moja nyumbani, ili daktari wa hospitali ya wilaya asianze kubahatisha usiku wa manane.