Waliokesha Nje ya Tham Luang

Jumamosi ya Juni 23, 2018, vijana 12 wa timu ya mpira ya Nguruwe Mwitu, wa umri wa miaka 11 hadi 16, waliingia katika pango la Tham Luang wilayani Mae Sai, kaskazini mwa Thailand, pamoja na kocha wao msaidizi wa miaka 25. Mvua ikashuka, maji yakawafungia njia. Waliokwenda kuwatafuta walikuta baiskeli, mabegi na viatu vya mpira.

Yaliyotokea ndani yamesimuliwa sana. Waliokuwa nje nao wana kisa chao.

Mlima huo huitwa Nang Non, yaani mwanamke aliyelala. Wenyeji husimulia kuwa ni mwili wa binti mfalme aliyejiua baada ya mpenzi wake kuuawa, na maji ya pangoni ni damu yake. Ndiyo maana wazazi walipofika walitoa sadaka na kumwomba radhi. Mtawa wa Kibudha Kruba Boonchum naye akaja kuomba, akasema watoto wangepatikana baada ya siku chache. Julai 2, wazamiaji Waingereza Rick Stanton na John Volanthen waliibuka majini na kuwakuta wote 13 hai, kama kilomita nne kutoka mlangoni. Kwa waumini wengi, hapo hapakubaki la kubishania.

Lakini waliokuwa nje hawakuishia kwenye dua. Wavuna viota vya ndege wa kisiwa cha Libong, kusini mwa nchi, walikuja na kamba zao, wakauparamia mlima kutafuta tundu la kuingilia. Kina mama walipika wali na mchuzi mchana na usiku. Mwenye duka moja la dobi alibeba sare za waokoaji zilizojaa matope usiku na kuzirudisha zimekauka kabla ya zamu ya asubuhi, bila malipo. Maji yaliyovutwa pangoni kwa pampu yalimwagwa mabondeni yakafunika majaruba ya mpunga, na baadhi ya wakulima walioharibikiwa wakakataa fidia ya serikali: mpunga utapandwa tena.

Na kocha? Kwingineko watu walikuwa wameshaanza kuuliza atashtakiwa kwa kosa gani. Wazazi hawakungoja mjadala huo. Yeye aliwaandikia barua ya kuomba msamaha kutoka gizani; wao walimwandikia kwamba asijilaumu. Huenda hilo ndilo lililomwokoa mbele ya umma, kwani ni nani angethubutu kumhukumu mtu aliyesamehewa na wenye watoto? Umma ukaenda mbali zaidi: zikasambaa habari kwamba alijinyima chakula ili watoto wale. Baadaye vijana wenyewe walieleza kwamba waliingia bila chakula chochote, wakaishi kwa maji yaliyodondoka mwambani.

Julai 6 Saman Kunan, mwanamaji mstaafu aliyejitolea, alifariki akitoka kupeleka mitungi ya hewa. Shangwe ilikatika ghafla. Ndipo wengi walipojiuliza: kama mzamiaji hodari amekufa, watoto wasiojua kuzamia watapita vipi? Jibu halikutangazwa: Dkt. Richard Harris wa Australia aliwalaza kwa dawa ya usingizi, wakavutwa chini ya maji bila fahamu. Waziri Mkuu Prayut Chan-o-cha aliueleza umma kuwa ni dawa ya kutuliza wasiwasi tu. Uokoaji ulichukua siku tatu, Julai 8 hadi 10. Watu walijipanga barabarani kushangilia magari ya wagonjwa bila kujua aliyemo, kwani majina ya waliotoka yalifichwa hata kwa wazazi, ili asiwepo wa kufurahi mbele ya mwenzake ambaye mwanawe bado yuko ndani.

FIFA iliwaalika vijana hao kwenye fainali ya Kombe la Dunia mjini Moscow. Walikuwa bado hospitalini. Katikati ya shangwe hizo likajitokeza jambo la aibu. Watatu kati ya vijana hao, pamoja na kocha, hawakuwa raia wa nchi yoyote. Walikuwa wamekulia katika mpaka wa Thailand na Myanmar bila kitambulisho cha uraia. Agosti 8 walikabidhiwa vitambulisho vyao mbele ya kamera. Majirani zao wenye hali ileile walisubiri: Oktoba 2024 ndipo baraza la mawaziri la Thailand lilipoidhinisha utaratibu mfupi wa makazi na uraia kwa watu wapatao 480,000.