Kukodi, Kukodisha na Gukodesha: Safari ya Kitenzi Hadi Gitambi

Kitenzi cha Kiingereza "rent" hutumiwa na mwenye mali na mpangaji vilevile. Ni kijineno "out" kinachobainisha kwamba anayesemwa ndiye mwenye mali. Kiswahili hufanya kazi hiyo kwa kiambishi: anayekodi hulipa, anayekodisha hulipwa. Kijerumani, lugha ya wakoloni wa Rwanda hadi 1916, hutenganisha mieten na vermieten. Kifaransa cha Wabelgiji waliowafuata hakitenganishi. Louer ni la wote wawili.

Kinyarwanda kilililazimu neno letu lifuate mkondo wa pili. Kililichukua likiwa na kiambishi chake, likawa gukodesha, na mtu asemapo "nkodesha inzu" huenda ni mwenye nyumba, huenda ni mpangaji. Naelekea kuamini kwamba neno lilidakwa sokoni, kinywani mwa mwenye mali anayetangaza; tangazo halihitaji kitenzi cha upande wa pili. Kutokana nalo tuna ubukode, ambalo msomaji asilichanganye na ubukonde, milki ya kale ya waliofyeka misitu ya kaskazini.

Katika sekta ya Gitambi, wilayani Rusizi, jambo hili si la wanaisimu peke yao. Sekta hiyo imepakana na bonde la Bugarama, lenye mashamba ya mpunga, karibu na mipaka ya Burundi na Kongo, na Kiswahili ndicho lugha ya biashara ya kuvuka mpaka. Sheria ya ardhi ya 2013 ilimpa mwananchi ardhi kwa ubukode burambye, yaani ukodi wa muda mrefu ambamo dola ndilo mkodishaji. Mkulima huyohuyo, akimpa jirani shamba kwa malipo, naye huwa mkodishaji. Kinyarwanda humtaja kwa kitenzi kimoja katika nafasi zote mbili.

Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda. Mfasiri anayeandika "nakodisha" kila aonapo gukodesha atampa mpangaji, kwa karatasi, haki ya mwenye shamba. Na mfanyabiashara wa Kamanyola, ng'ambo ya mto Rusizi, atayasoma maneno hayo kama yalivyo. Kwa hiyo mikataba ya lugha mbili itamke kwanza nani mwenye shamba na nani mlipaji, kisha ndipo kitenzi kifuate.