Mbube: wimbo wa shilingi kumi

Wengi tuliufahamu wimbo huu kupitia filamu ya katuni ya The Lion King ya mwaka 1994, tukadhani ni mali ya Wamarekani tangu asili. Mwenyewe ni Solomon Linda, Mzulu wa Msinga huko Natal. Alizaliwa mwaka 1909, akachunga ng'ombe utotoni, na mwaka 1931 akaenda Johannesburg kutafuta kazi kama walivyofanya vijana wengi wa rika lake.

Mchana alikuwa kibarua. Mwisho wa wiki alipanda jukwaani na kundi lake, Evening Birds, wote wakiwa wamevaa suti za mistari na viatu vya kung'aa, wakishindana na makwaya mengine ya Wazulu waliohamia mjini. Baadaye aliajiriwa na kampuni ya Gallo kupakia santuri kwenye maboksi, na mwaka 1939 kundi likaingia studio ya kampuni hiyo kurekodi "Mbube", yaani simba.

Mara mbili za kwanza hazikufaa. Ya tatu ndiyo iliyobaki. Waimbaji wa sauti nzito wanarudia kiitikio bila kuchoka, na Linda anapaa juu yao kwa sauti nyembamba, mara analia, mara anaguna. Karibu na mwisho anatoa kipande kifupi ambacho hakikupangwa, sauti zinazoshuka kwa utulivu kama za mtu anayejiimbia mwenyewe. Sekunde zile chache ndizo zilizokuja kuwa wimbo wenyewe masikioni mwa dunia. Santuri ilivuma kiasi kwamba mtindo mzima wa uimbaji ukaitwa mbube, na ndiyo asili ya uimbaji wa Ladysmith Black Mambazo. Linda alilipwa shilingi 10, na haki za wimbo zikabaki kwa kampuni.

Santuri hiyo ilivuka bahari, na mtafiti Alan Lomax akampa mwanamuziki Pete Seeger. Seeger aliupenda, akayasikia vibaya maneno ya Kizulu, na kundi lake la The Weavers likauimba kwa jina la "Wimoweh". Mwaka 1961 mtunzi George Weiss alikichukua kile kipande cha mwisho, akakitungia maneno ya Kiingereza, na vijana wa The Tokens wakakipandisha hadi namba moja Marekani. Jina la Linda halikuwa kwenye orodha ya watunzi. Seeger aliwahi kuagiza apelekewe dola 1,000, na hilo ni jema, lakini zawadi si mrabaha. Linda alifariki mwaka 1962 kwa maradhi ya figo. Kaburi lake lilikaa miaka 18 bila jiwe kwa sababu mjane wake hakuwa na uwezo.

Mwaka 2000 mwandishi Rian Malan aliianika habari yote katika jarida la Rolling Stone, na wakili Owen Dean akaanza kupekua sheria. Mikataba ilionekana kuifungia familia kila mlango. Mlango mmoja ulikuwa wazi: sheria ya Uingereza ya hakimiliki ya mwaka 1911, ambayo ilitumika pia katika makoloni yake. Kwa sheria hiyo, haki ambazo mtunzi aliziuza akiwa hai zilirudi kwa warithi miaka 25 baada ya kifo chake. Kanuni hiyo wanasheria huiita kipengele cha Dickens. Kwa Linda, hesabu iliangukia mwaka 1987, miaka saba kabla ya filamu ile. Nafurahi kila ninapolikumbuka jambo hili, kwamba sheria iliyotungwa London ndiyo iliyowapa nguvu mabinti wa kibarua wa Soweto.

Kesi dhidi ya Disney, watengenezaji wa The Lion King, ilifunguliwa mwaka 2004. Ili kampuni hiyo ya ng'ambo iweze kushtakiwa Afrika Kusini, mahakama ya Pretoria ilizizuia alama zake za biashara zilizosajiliwa nchini, Mickey Mouse akiwemo. Februari 2006 shauri lilimalizwa kwa makubaliano na Abilene Music, waliokuwa na haki za wimbo huo. Warithi walikubaliwa kulipwa mirabaha kuanzia mwaka 1987, mfuko wa amana ukaundwa kuipokea, na Linda akatambuliwa kuwa mtunzi mwenza. Binti yake mmoja alikuwa amefariki mwaka 2001, kabla kesi haijafunguliwa.

Asiyewahi kuisikia santuri ya 1939 aitafute. Kile kipande kimo humo, karibu na mwisho, kwa sauti ya mwenyewe.