Jina la Nani Limo Daftarini?

Mama anayeuza mawese na mchele Mikelenge, upande wa magharibi wa mto Lualaba mjini Kindu, nchini Kongo, ana hifadhi yake ya jamii, nayo inaitwa likelemba. Wanawake kumi hivi hutoa kiasi kilekile kila juma. Zamu ya mmoja ikifika, anazoa chote. Mwenyeji wa Mombasa au Dar es Salaam angeutambua papo hapo: ni upatu. Katika mpango huu linanivuta jambo moja dogo lakini zito. Mshika daftari haulizi mumeo ni nani wala umeajiriwa na nani. Anauliza kama utaleta sehemu yako. Jina liandikwalo ni lako.

Sheria ya dola ilimwona mwanamke huyohuyo kwa kumpitia mtu mwingine. Kanuni ya Familia ya 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mume kabla ya kujifunga kwa mkataba. Idhini hiyo iliondolewa na Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016. Sasa wanandoa hutakiwa kukubaliana, ingawa mume amebaki kichwa cha nyumba. Tarehe hiyohiyo imo pia kwenye Sheria namba 16/009, inayoweka mfumo wa jumla wa hifadhi ya jamii chini ya mfuko wa taifa, CNSS. Mimi huzisoma pamoja. Ya kwanza ilimwondolea muuza mawese sharti la kibali cha mume mbele ya karani wa benki. Ya pili imejengwa juu ya mshahara: mwajiri huchangia asilimia 13, mfanyakazi asilimia 5. Mwenye meza sokoni hana wa kumlipia zile 13. Mume amepisha njia, lakini mwajiri asiyekuwepo bado anasubiriwa.

Ubelgiji, iliyoitawala Kongo hadi 1960, ilipita njia ya kinyume. Amri ya kifalme namba 38 ya 1967 iliwapa wanaojiajiri mfumo wao wenyewe, kwa hiyo swali la mwajiri lilijibiwa mapema. Lakini mke aliyesimama dukani miaka nenda miaka rudi, akipima bidhaa na kuandika hesabu, haki zake zilitokana na za mumewe. Ilibidi ifike tarehe 1 Julai 2005 ndipo mwenzi msaidizi alipolazimika kuandikishwa kwa haki kamili, na hata hapo waliozaliwa kabla ya 1956 waliachiwa hiari. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya, kwa agizo 2010/41, ukazitaka nchi wanachama zimwezeshe mwanamke anayejiajiri, pamoja na mwenzi msaidizi, kupata posho ya uzazi ya wiki zisizopungua 14. Ubelgiji ilikuwa na mfuko mkubwa usio na jina la mke. Mikelenge jina lipo, mfuko ndio mdogo.

Kuna mji mmoja uliokataa kuchagua kati ya hayo mawili: Ahmedabad, India. Mwaka 1972 Ela Bhatt alipotaka kuandikisha SEWA, chama cha wafanyakazi wanawake wanaojiajiri, maofisa walisita: chama cha wafanyakazi kitadai haki kwa nani, ikiwa hakuna mwajiri? Jibu lilikuwa kwamba chama huundwa kwa ajili ya umoja wa wanachama, si lazima kiwe dhidi ya mtu. Miaka miwili baadaye wanawake 4,000, kila mmoja na rupia 10, walianzisha benki yao. Wengi hawakujua kuandika, basi picha zao zikawatambulisha. Bima ilifuata mwaka 1992.

Nyumbani Afrika Mashariki, Kenya iliwapa watu wa jua kali mpango wa pensheni uitwao Mbao, wa shilingi 20 za Kenya kwa siku. Ni akiba, yaani mtu huvuna alichopanda, na aliyepanda kidogo huvuna kidogo. Zanzibar ilichukua njia nyingine kabisa: tangu Aprili 2016 kila mkazi aliyefika miaka 70 alianza kupata shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi kutoka serikalini, awe aliajiriwa, alilima mwani au alilea wajukuu. Kwa mwanamke, ambaye maisha yake ya kazi hukatwakatwa na uzazi, naona tofauti hiyo ni kubwa mno.

Hapo ndipo mpaka wa likelemba unapoonekana, nami nausema kwa heshima. Hukurudishia fedha yako mwenyewe, tena kwa tarehe iliyopangwa, na uchungu wa kujifungua hausubiri zamu. Wenzako wanaweza kukupisha, lakini huko ni kuhurumiwa. Vikundi vya mshikamano viitwavyo MUSO, mashariki mwa Kongo, vimeliona hilo: kisanduku cha kijani ni cha mikopo, chekundu ni cha misiba na magonjwa. Kilichoingia chekundu hakirudi kwa aliyekitoa. Hiyo tayari ni bima. Udhaifu wake ni kwamba wanachama wote wanaishi kando ya mto mmoja. Mto ukifurika, wote wanabisha hodi siku moja.

Sheria ya Kongo ya Februari 2017 kuhusu mitualite, yaani vyama vya kusaidiana, imeshatoa msingi wa kuvitambua vyama vya namna hii. Ningependa Mikelenge nako kuwe na kisanduku chekundu, kiungwe na mfuko wa taifa, na kazi ya kuandikisha apewe mshika daftari yuleyule wa likelemba.