Ordinateri ya zamani: ekra ikisumbua, angalia piloti kwanza

Maandiko yanakuwa makubwa-makubwa, video inakatika-katika, ao rangi zinapotea. Kabla ya kutoka Kibua na kubeba mashini mpaka Goma kwa kulipia karti grafiki mupya, angalia piloti. Ni programu inayosaidia Windows kusikilizana na ile karti. Mara mingi karti ni nzima, piloti njo iko na shida, zaidi kisha kuweka Windows ingine.

Finya kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, fungua sehemu ya karti grafiki. Ukikuta jina la Microsoft pahali pa Intel, NVIDIA ao AMD, mashini inatumia piloti ya kuazima: picha inaonekana, lakini video ni ya shida.

Usikimbilie piloti ya juzi. Kampuni zinaachaga karti za zamani: kwa GeForce za namba 8000 na 9000, piloti ya mwisho ya NVIDIA kwa Windows ni 342.01, ya mwaka 2016. Andika jina kamili la karti, na kama Windows ni ya biti 32 ao 64, kisha utume mutu mwenye intaneti nzuri aichukue kwa saiti ya kampuni yenyewe na kukuletea kwa fleshi. Zile programu zinazoahidi kutengeneza piloti zote mara moja, ziache. Zingine zinabeba virusi.

Mistari ikionekana hata mbele ya Windows kuanza, ile si piloti tena. Fundi aangalie vumbi, kabulo, ekra na karti yenyewe.