Florence Nightingale na Hesabu ya Waliokufa

Wauguzi wamesifiwa tangu zamani kwa upole wa mikono yao na kwa subira yao ya kukesha kando ya vitanda vya wagonjwa, na sifa hiyo ni haki yao. Lakini iko kazi nyingine waliyoifanya, ambayo wasimulizi huipita mbiombio, nayo ni kuingia katika mashauri ya dola na kuwabana wenye amri hata wakabadili sheria za hospitali, za makambi na za maji ya kunywa. Katika tarikhi ya kazi hiyo hapana budi kumtanguliza Bibi Florence Nightingale, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1820, wala si kwa ajili ya ile taa anayochorwa ameishika.

Mwezi wa Novemba 1854, Waingereza na Wafaransa walipokuwa wakipigana na Warusi kando ya Bahari Nyeusi, Bibi Nightingale aliwasili Scutari, ng'ambo ya mji wa Stambuli, pamoja na wauguzi 38, akawakuta majeruhi na wagonjwa wamelazwa katika kambi kubwa ya askari wa Kituruki iliyogeuzwa hospitali. Alitafuta mashuka na sabuni, akatengeneza jiko la chakula cha wagonjwa, akawaondolea wengi taabu. Na juu ya hayo yote watu wakazidi kufa, hata Februari 1855 ikawa katika kila askari 100 waliotibiwa hufa yapata 42, na aghalabu yao hawakuuawa na risasi bali na kuhara, kipindupindu na homa. Mwezi wa Machi ikaja tume ya usafi kutoka Uingereza, ikazibua mifereji ya uchafu iliyopita chini ya jengo, ikatoa mzoga wa farasi katika njia ya maji waliyokuwa wakinywa wagonjwa, ikapaka kuta chokaa. Na kufikia Juni vifo vikashuka hata 2 katika kila 100.

Vita vilipokwisha alirudi kwao na heshima kubwa, na lau angetaka kustarehe hakuna ambaye angemlaumu. Yeye, hata hivyo, alimwendea Malkia Victoria huko Balmoral mwaka ule ule wa 1856, akaomba iundwe Tume ya Kifalme ichunguze afya ya jeshi. Tume ikaundwa mwaka 1857 chini ya Sidney Herbert, rafiki yake, na kwa kuwa mwanamke hakukubaliwa kuwa mjumbe, ushahidi wake ulipokewa kwa maandishi. Lakini wajumbe walikuwa wakienda kushauriana naye katika vyumba vyake vya hoteli mjini London, na maswali mengi waliyowauliza mashahidi ni yeye aliyeyatayarisha.

Hapo ndipo penye kiini cha kadhia hii. Alikuwa amegundua kwamba kule Scutari vifo viliandikwa katika madaftari matatu mbalimbali, na hapana daftari lililokubaliana na mwenzake. Basi akaketi na William Farr, bingwa wa hesabu za vizazi na vifo, wakazichambua tarakimu zile mwezi kwa mwezi, hata ikabainika kuwa hospitali yenyewe, kwa uchafu wake, imewaua watu kuliko adui. Naye, akijua kwamba wakubwa huchoka upesi kusoma safu za tarakimu, alichora duara lililogawanywa kwa miezi 12, buluu ikiwa ni maradhi yaliyoweza kuzuiwa, nyekundu majeraha, na nyeusi sababu nyinginezo. Na mtu akitazama mara moja tu huona jinsi buluu ilivyoimeza nyekundu. Alionyesha pia kwamba hata wakati wa amani, ndani ya Uingereza yenyewe, askari vijana makambini walikufa karibu mara mbili ya raia wa umri wao, akawaambia wakubwa kuwa kuyaacha mambo hayo ni sawasawa na kuwatoa watu hao uwandani na kuwapiga risasi.

Kauli ngumu hiyo, nami naiona ya haki. Kutokana nayo makambi yalitengenezwa upya, jeshi likapata idara ya takwimu za matibabu, na mwaka 1860 likafunguliwa chuo cha matabibu wa jeshi huko Chatham. Akaendelea na mas'ala ya afya nchini India, asikokanyaga maisha yake yote, kwa kupeleka karatasi za maswali katika kila kituo cha askari.

Miaka mia baadaye, upande wetu huu, Bibi Lucy Lameck wa Moshi alisomea uuguzi, akakataa kuutumikia chini ya taratibu za kikoloni, akaingia TANU, na mwaka 1960 akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Baadaye, katika zama za Azimio la Arusha, alikuwa Waziri Mdogo wa Afya, na Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, ulioanza 1969, ukaelekeza nguvu za serikali katika vituo vya afya na zahanati za vijijini, ambako mgonjwa aghalabu hupokewa na muuguzi kabla ya kumwona tabibu, kama tabibu yupo.