Kinywaji cha Mtoto katika Nchi ya Handeni na Korogwe

Msafiri atokaye Chalinze, akiisha kupita Mkata na Michungwani katika wilaya ya Handeni, akafika Segera na kushika njia ya Korogwe, huona kando ya barabara machungwa yaliyopangwa kwa mafungu, na karibu nayo madeli yaliyojaa chupa za soda. Na mtoto auzaye machungwa ya shamba la wazazi wake, kiu ikimshika, aghalabu huitazama chupa kabla ya kulitazama tunda. Wako wamlaumuo mtoto huyo kwa tamaa. Mimi naona lawama hiyo imemwendea asiyestahili, kwa kuwa tamaa hiyo ina historia, na waliomletea ni watu wazima.

Handeni, nchi ya Wazigua, ni nchi ya mahindi na mtama, yenye rutuba lakini haba ya mito isiyokauka, ilhali jirani yake Korogwe amejaliwa kupitiwa na mto Pangani. Kwa sababu hiyo maji ya mtungi, yaliyotekwa mbali na kutulia kivulini usiku kucha, yalikuwa na heshima nyumbani, na mtoto aliyanywa kwa kata bila kuyamwaga. Penye mifugo alipata maziwa. Na penye nafaka alipata togwa.

Togwa yataka subira. Uji hupikwa, hupozwa, kisha hutiwa kimea, yaani ulezi au mtama uliolowekwa hata ukachipua, ukaanikwa na kusagwa. Na kimea hicho, pasipo hata chembe ya sukari kutoka dukani, huugeuza wanga wa uji kuwa mtamu, hata ule uji mzito ukalegea na kunyweka kikombeni. Siku ya kwanza togwa ni kinywaji cha mtoto na mgonjwa. Kikiachwa siku kadhaa huchachuka, na hapo huwa si chake tena. Mama aliyekitengeneza aliujua mpaka huo kwa ulimi wake.

Sukari nayo haikuwa ngeni katika bonde la Pangani. Katika karne ya 19 matajiri wa mji wa Pangani walilima miwa kandokando ya mto kwa jasho la watumwa, na Abushiri bin Salim, aliyewapinga Wajerumani kwa silaha mwaka 1888 na kunyongwa Pangani mwaka 1889, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Sukari ya miwa hiyo ilikuwa ya kuuzwa. Mtoto wa bara alipata muwa wenyewe, akaumenya na kuutafuna, utamu ukimjia polepole pamoja na kazi ya meno.

Mabadiliko makubwa yalikuja kwa mkonge na reli. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuingiza mkonge katika nchi hii, na mwaka huohuo reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga, ikafika Korogwe mwaka 1902. Mashamba ya Magunga, Ngombezi na Hale yakavuta manamba kutoka pande za mbali, watu walioacha makwao mashamba ya nafaka na akina mama wa kusaga kimea, wakaamka alfajiri kwenda kukata mkonge kwa kipande. Mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kungojea togwa. Chai ya rangi yenye sukari, ichemkayo kwa muda mfupi na kuchangamsha mwili, ikawa stafutahi yake, kisha ikawa stafutahi ya mwanawe. Na milima iliyo juu ya Korogwe, kule Ambangulu na Dindira, ikaota majani ya chai. Coca-Cola ilipoingia Tanganyika mwaka 1952 ulimi ulikuwa umekwisha kuandaliwa, ingawa kwa miaka mingi soda ilibaki kinywaji cha harusi na Idi.

Kwa upande wa maji, mwaka 1971 serikali iliazimia kuwa katika miaka 20 kila mwanakijiji apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka kwake. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowakusanya watu wazima wapatao milioni mbili kuzungumza juu ya maradhi na usafi. Na katika miaka hiyo ya 1970 ukajengwa mradi mkubwa, uitwao HTM, wa kuyasukuma maji ya Pangani kutoka Korogwe hata Handeni. Ilikuwa nia adhimu. Walakini mitambo ilichakaa, watu wakaongezeka, na miaka mingi familia za Handeni zikanunua maji kwa dumu. Biashara ilipofunguliwa na chupa za plastiki zikaenea, soda ikafika hata pale ambapo bomba halikufika.

Chupa ya kola ya mililita 300 ina sukari gramu 32 hivi, sawa na vijiko vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kuwa sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ingefaa ipungue hata chini ya asilimia 5. Kwa mtoto alaye kalori 1,500, asilimia 10 ni gramu 37 na nusu tu. Chupa moja karibu inaumaliza mgao wote, kabla ya chai ya asubuhi kuhesabiwa.

Handeni na Korogwe zimeingizwa katika mradi wa maji wa miji 28 nchini. Nawasihi wajumbe wa kamati za shule za wilaya hizi wadai bomba lifike uani kwa wanafunzi, na kabla halijafika, kila darasa liwe na ndoo ya koki yenye maji yaliyochemshwa. Nao wazazi wampe mtoto chungwa alile zima na nyuzi zake, wapunguze kijiko katika chai yake, na siku ya sherehe wamtengenezee togwa.